Nilimwita Mume Wangu Ili Tupate Nyumba Maskati

Nina umri wa miaka ishirini na minne, na sikio langu la kushoto halisikii tena. Mtu akiniita kutoka upande huo nami nisigeuke, hudhani nina maringo. Sina maringo, wasomaji wenzangu... nina mkasa, na leo nimeamua kuusema wote, hata yale yanayonifedhehesha.

Mimi ni binti wa mwalimu wa shule ya msingi kule Kimilili. Nilipopata nafasi ya kusomea famasia katika chuo kimoja cha binafsi mjini Maskati, nyumbani waliandaa maombi ya shukrani na mbuzi akachinjwa. Baba alinisindikiza hadi uwanja wa ndege, akanishika mkono kama mtoto wa chekechea. Aliniambia nikipata shida yoyote, nimpigie yeye kwanza. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Baba hakujua kwamba kule Maskati nilikuwa na mtu. Felix alikuwa mpenzi wangu tangu kidato cha nne, naye alikuwa ametangulia Oman kufanya kazi ya ufundi wa viyoyozi. Bweni la chuo lilikuwepo, tena safi, ila lango lilifungwa mapema na mgeni wa kiume hakuruhusiwa kukanyaga. Felix akasema tutafute nyumba yetu wenyewe. Je, mngekuwa ninyi mngekataa? Mimi sikukataa.

Kumbe kule mambo si kama Nairobi! Majengo mengi ni ya familia. Kijana asiye na mke hapewi fleti humo, na mwanamume na mwanamke ambao hawajaoana ndiyo kabisa. Felix akanunua pete mbili sokoni Ruwi, akanivisha moja tukiwa tunasubiri teksi, akaniambia kwamba kuanzia hapo mimi ni mke wake mbele ya watu. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nilidhani ni mchezo.

Fleti tuliipata mtaa wa Darsait, katika jengo la mjane mmoja Muomani ambaye wazazi wake walitoka Unguja. Jina lake Bi Thuwaiba. Yeye aliishi chini pamoja na mwanawe, Salim, mtu mzima mwenye kazi yake serikalini. Alipotusikia tukizungumza Kiswahili, uso wake ulinawiri. Hakuuliza cheti cha ndoa wala chochote. Alimwambia Salim, "Watoto wa kwetu hawa, wape ufunguo," tukapanda ngazi na masanduku yetu.

Miezi ya kwanza nilikuwa mgeni wa kila kitu. Bi Thuwaiba aliniita kwake kunywa kahawa na tende, nami kwa kuogopa kuonekana sina adabu, kila akijaza kikombe nakunywa, akijaza nakunywa, hadi moyo ukawa unakwenda mbio. Ndipo akanionyesha, huku akicheka, kwamba ukitosheka unakitikisa kikombe kidogo. Alinifundisha kuvua viatu mahali panapostahili, kutosalimia wanaume kwa mkono mpaka wao waanze, kujifunika vizuri nikienda naye mahali pa watu. Mwezi wa Ramadhani nilijifunza kutokunywa hata maji barabarani, na jua la kule si la kufanyia mzaha.

Nilidhani Kiswahili kikiwa kimoja basi maisha nayo ni mamoja. Sivyo. Hata hivyo nilipenda, nisiseme uongo. Bi Thuwaiba aliniita mwanangu, na mimi niliyempoteza mama nikiwa mdogo nilijikuta nikishuka ngazi hata pasipo sababu.

Felix hakupenda. Alianza kusema nimejifanya Mwarabu. Nikivaa baibui anacheka kwa dharau, nisipovaa anauliza nani ninayetaka anione. Ibada yetu Wakenya kule huwa Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko, naye akaanza kunizuia kwenda, eti wanaume wa kanisani wananitazama. Niliona ni wivu wa mapenzi. Tena nilijisifu kwa rafiki zangu chuoni... mjinga mimi!

Siku moja mpwa wa Bi Thuwaiba aliolewa, nikaalikwa katika sherehe ya wanawake. Mlangoni simu zote zilichukuliwa na kuwekwa pembeni, ndiyo desturi yao, kwa sababu ndani wanawake wamejipamba na hawataki picha zitoke. Nilitoa yangu bila wasiwasi. Niliimba, nilicheza, nilikula, nikapakwa hina mikono yote miwili.

Niliporudishiwa simu nilikuta Felix amepiga mara nyingi mno. Nilifika nyumbani nikitabasamu ili nimsimulie. Hakuniacha nifike katikati ya sebule. Kofi la kwanza liliniangusha juu ya meza, la pili likanipasua mdomo, kisha akaanza kunipiga mateke ya mbavu nikiwa chini. Alikuwa akiuliza swali lilelile, "Simu uliizima ya nini?" Nilimweleza kuhusu desturi ya mlangoni. Akasema hakuna harusi duniani inayonyang'anya watu simu, labda harusi ya malaya. Akaikanyaga ile hina mikononi mwangu kwa viatu vya kazini.

Asubuhi yake Bi Thuwaiba alinikuta kwenye ngazi, uso umevimba. Aliniingiza kwake, akanikanda kwa maji ya moto, na akaniuliza kwa upole watu wangu ni akina nani. Kwao mwanamke akipigwa na mumewe, watu wake ndio huitwa. Baba au kaka huja, mume huketishwa, maneno husemwa. Akaomba namba ya baba yangu ampigie.

Ningefanya nini? Baba angesikia neno mume angeanguka. Mwalimu wa shule, tena wa Sunday school, binti yake anaishi na mwanamume! Nikafungua mdomo wangu uliopasuka nikasema baba yangu alishafariki.

Bi Thuwaiba alitokwa na machozi. Akasema, "Basi mwanangu usijione mkiwa. Mie ndo mzee wako." Tangu siku hiyo kila nikila kwake alimwombea marehemu baba yangu rehema... na baba yuko Kimilili anasahihisha madaftari.

Nilikaa kwake siku kadhaa, nikilala chumbani mwake. Kisha Felix akaitwa. Alikuja amenyoa, amevaa shati jeupe, akaketi na Salim na wazee wawili wa mtaani. Mimi nilikuwa chumba cha ndani na Bi Thuwaiba, nasikia. Felix alilia. Aliomba radhi kwa maneno mazuri hata mimi nikamhurumia. Wazee wakamwambia mke ni amana, si ngoma ya kupiga, naye akaapa mbele yao kwamba hatarudia. Chakula kikaletwa, wakala sinia moja.

Halafu nikarudishwa. Bi Thuwaiba alinishika mkono mwenyewe, akanipandisha ngazi na sinia ya biriani, akamkabidhi Felix mkono wangu mlangoni. Alifanya yote kama inavyompasa mzazi. Alinirudisha kwa heshima zote kwa mtu ambaye hakuwa mume wangu.

Mlango ulipofungwa, Felix alikula biriani yote. Kisha akanifinya shingo dhidi ya ukuta mpaka nikaona giza. Aliniambia sasa wazee wameshanikabidhi kwake, sina pa kwenda tena. Na nikifikiria polisi nikumbuke kwamba sisi hatujaoana. "Nenda useme," aliniambia, "tuone nani atafungwa kwanza." Nilimwamini. Mgeni katika nchi ya watu huamini kila anachoambiwa kuhusu sheria.

Kipigo kikawa sehemu ya maisha. Alikuwa akinipiga mahali nguo zinapofunika, kwa sababu sasa alimwogopa Salim. Aliniunguza bega kwa pasi ya moto kwa kosa la kuchelewa basi la chuo. Alichana vitabu vyangu vya famasia, akavimwagia mafuta ya kupikia. Bi Thuwaiba akiniuliza hali, nasema namshukuru Mungu, mama, amebadilika. Mbona sikusema? Kila siku uongo ule ulikuwa unazidi kuwa mzito, na nilimwonea haya kuliko nilivyoyaogopa mateke.

Ijumaa moja mchana, wanaume wa jengo zima wakiwa msikitini, nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa vitendo wa wiki inayofuata. Mwenzangu wa darasani, mvulana wa Kihindi, alinitumia ujumbe kuuliza swali la dozi za watoto. Felix akausoma. Alikwenda kwenye mfuko wake wa kazi akatoa kipande cha bomba la shaba, yale mabomba ya viyoyozi.

Pigo la kwanza lilitua kwenye sikio. Nilisikia mlio mkali, halafu upande huo ukanyamaza kabisa. Niliinua mkono kujikinga, bomba likauvunja, nikauona ukilegea. Alikuwa akipiga kimyakimya kama mtu anayefanya kazi aliyolipwa. Damu iliingia machoni. Nilijua, wasomaji wenzangu, kwamba leo nakufa na mwili wangu utasafirishwa kwa baba ambaye nilishamzika kwa mdomo wangu.

Sijui nilivyoufikia mlango. Nilishuka zile ngazi nusu nikikimbia nusu nikianguka, nikaupiga mlango wa Bi Thuwaiba kwa paji la uso. Alifungua akiwa na chetezo mkononi, alikuwa akifukiza nyumba kwa udi kama kila Ijumaa. Felix alikuwa nyuma yangu. Akanikamata nywele, na mnajua alichosema? Alisema kwa sauti ya adabu, "Shikamoo, mama. Samahani kwa usumbufu. Naomba mke wangu."

Bi Thuwaiba alisita. Nilimwona anasita! Alinitazama mimi, akamtazama yeye, akaanza kusema, "Mwanangu, subiri Salim arudi msikitini, mtakaa mzungumze..." Felix akaanza kunivuta kurudi ngazini. Kwa yule mama mimi nilikuwa mke wa mtu, na yeye mwenyewe ndiye aliyenikabidhi. Nikaona kwamba ule uongo ndio unaonipandisha ngazi kwenda kuuawa.

Nikasema. Mdomo ulikuwa umejaa damu lakini nilisema. "Mama, huyu si mume wangu. Hatujawahi kuoana. Nilikudanganya. Na baba yangu yu hai."

Felix akainua bomba ili aninyamazishe. Bi Thuwaiba, mama wa watu aliyekuwa akitembea taratibu kwa ajili ya magoti, alimtupia kile chetezo usoni pamoja na makaa yake yote. Felix alipiga ukelele akaniachia. Yule mama akanivuta ndani kwa kwapa, akafunga mlango kwa komeo, akauegemea kwa mgongo wake huku Felix akiupiga mateke kwa nje na kumtukana matusi ambayo sitayarudia hapa. Waliorudi kutoka msikitini ndio waliomkamata, na sitasema walimkamata kwa upole.

Hospitalini, polisi walipokuja kunihoji nilikuwa nikisubiri pingu. Afisa aliuliza kwanza kuhusu mkono, kisha sikio, kisha lile bomba. Sikufungwa. Yale Felix aliyonitishia nayo miezi yote hayakunipata. Yeye ndiye aliyehukumiwa, akatumikia kifungo, kisha akarudishwa Kenya. Nasikia ana mchumba sasa, Kitale huko. Dada, kama unasoma haya na unamjua, kimbia.

Lakini sikumaliza kuwaambia kuhusu Bi Thuwaiba. Alikaa kando ya kitanda changu mpaka afisa alipoondoka. Kisha akaomba namba ya baba yangu, na mara hii nikampa. Alipiga palepale, mbele yangu.

Akamwambia, "Bwana, assalamu alaykum. Mie naitwa Thuwaiba, nnapiga kutoka Maskati. Nlikaa pahala pako bila ya idhini yako, kwa kuwa nliambiwa umekufa. Mwanao alinikimbilia, na mie ndo nlomrejesha kwa mikono yangu. Nnakuomba radhi." Baba akauliza kama ninaweza kutembea.

Alipokata simu nililia, nikamwomba msamaha. Alinijibu kwa utulivu ulionichoma kuliko matusi. Alisema, "Ungalinambia kweli siku ile ya kwanza, fleti ningalikunyima. Ningalikupa chumba changu cha nyuma ukalala peke yako, na ufunguo ukawa wako." Kumbe chumba kilikuwepo muda wote huo! Niliuona ule mlango wake kila nilipokwenda kunywa kahawa, nikidhani ni stoo.

Mtihani ulinipita. Chuo kilikuwa tayari nirudie mwaka, lakini sikuwa na nguvu tena, na baba alikuja kunichukua. Aliponiona hakunigombeza hata neno moja, na hilo nalo lilinitesa. Sasa nasaidia katika duka la dawa hapa Kimilili. Nafagia, napanga maboksi, na wanaohudumia wateja ni wale waliomaliza masomo yao.

Bi Thuwaiba humpigia baba kila sikukuu kumjulia hali. Husalimiana kama ndugu. Nikipewa simu anisalimie, huniuliza mkono umepona vipi, nami humjibu. Lakini ananiita kwa jina langu, Nanjala. Neno mwanangu hajalitamka tena tangu siku ile mlangoni, na simlaumu.

Wadogo zangu mnaokwenda ugenini kusoma, nawasihi. Ukifika, lala hata bwenini kwenye lango la kufungwa. Usimwite mtu mume kwa ajili ya chumba. Watu wa huko watakuamini, watamheshimu kwa sababu yako, na siku atakapokuinulia mkono watamrudishia mke wake. Na ukishadanganya tayari, kama mimi, usingoje mpaka uwe umeshikwa nywele. Shuka ngazi leo ukaseme, ukiwa bado una meno yote ya kusemea.