Oili Iliyotiwa Dizeli

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi moja kwenye mashine ya kusaga ya mama yake. Alichomoa kijiti cha kupimia oili ya injini, akakifuta kwa kitambaa, akakitumbukiza tena na kutazama oili imefika wapi. Jina la Chiriku alipewa kwa wingi wa maneno. Hata kijiti alikisemesha.

Siku hiyo baridi ilikuwa kali, na oili ilikuwa imepungua. Chiriku akainamisha dumu ili aongeze. Oili ikatoka kivivu, uzi mmoja mnene, kana kwamba haina mpango wa kufika chini. Wenzake walikuwa wakimsubiri uwanjani kwa mazoezi ya netiboli. Akatupa jicho nje. Mama alikuwa akifagia uani. Basi akachukua kopo la dizeli, akamimina ndani ya dumu, akalitikisa. Safari hii oili ilishuka chapuchapu.

"Umepima?" mama akauliza.

"Nimepima, mama. Imejaa."

Sikudanganya, alijiambia njiani. Lakini roho haikutulia.

Shule ilipakana na mashine, na mngurumo wake ulifika hadi darasani. Mwanzoni ulikuwa wa kawaida. Jua lilipopanda, ukabadilika. Kuna kitu kilikuwa kinagonga ndani: ko, ko, ko. Chiriku akachezesha miguu, akatafuna kalamu, akafungua ukurasa tofauti na uliokuwa ukisomwa.

"Leo umemeza ulimi?" mwenzake wa dawati akamnong'oneza.

Chiriku alitega sikio dirishani. Mashine ile ndiyo iliyowalisha nyumbani. Ko, ko. Akasimama.

"Mwalimu, naomba ruhusa. Nimetia dizeli kwenye oili ya mashine ya mama, na yeye hajui."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Kimbia," akasema.

Alikuta foleni ya wateja na ndoo zao za mahindi. "Mama, zima mashine," alisema akihema. Mama akaizima. Macho yote yakamgeukia Chiriku. Akaeleza alichofanya na alivyokiri mbele ya darasa. Mteja mmoja akasonya, akajitwika ndoo yake, akaenda zake.

Mjomba wake, fundi wa injini, akaitwa. Injini ilipopoa kidogo, alikinga oili kwenye beseni, akaisugua kati ya vidole.

"Ona, mpwa wangu, haina utelezi wowote," alisema. "Oili ikipoa huwa nzito, ikipata moto huwa nyepesi. Sisi huchagua ile ambayo hata ikiwa moto inabaki na unene wa kukaa katikati ya vyuma, visisuguane. Wewe uliifanya nyepesi tangu asubuhi, halafu moto nao ukaongeza wake. Vyuma vikaanza kulana."

"Kwa hiyo nzito ndiyo nzuri?"

"Ikizidi, nayo ni taabu, inachelewa kufika inakotakiwa. Ndiyo maana mama yako huiacha injini izunguke polepole kwanza, kabla ya kutia mahindi. Ungevumilia tu, ingeshuka."

Mjomba akaanza kufungua nati. Chiriku alikaa, akainuka, akaenda mlangoni, akarudi. Kila chuma kilichotoka alikikodolea macho. Mwishowe mjomba akajifuta mikono.

"Beringi, hivi vyuma vinavyoshika mhimili unaozunguka, zimechubuka kidogo tu. Mngeendelea hadi jioni, ningekuta maiti."

Alasiri injini ilitiwa oili mpya, ikanguruma bila kugonga, na wateja waliobaki wakasagiwa. Foleni ilipokwisha, Chiriku alisimama kando ya mama yake akisubiri kukaripiwa.

"Haraka yako imeniudhi, sikufichi," mama alisema, akikung'uta unga kwenye kanga. "Jumamosi hakuna netiboli, utasafisha hapa. Lakini umesimama mbele ya darasa zima ukasema ukweli, na hilo ndilo lililoiokoa mashine. Kosa lililofichwa linakua, mwanangu. Likisemwa mapema, linatengenezeka. Utakosea tena, kila mtu hukosea. Siku hiyo njoo uniambie wewe, kabla mashine haijaniambia."