Beji ya Kofia ya Baba Yake Susu

Wasomaji wenzangu, mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno niliyoyakosea. Niliishia darasa la saba, na barua hii nimeiandika kwa siku nne.

Nina miaka kumi na tisa. Nililelewa karibu na Ikutha na nyanya yangu, susu tunavyomwita sisi Wakamba. Mimi ni mtu wa haya... Sokoni huwa naangalia chini. Furaha yangu ilikuwa beji za kofia za askari wa zamani. Wazee walinipa moja moja, nikazitunza kwenye mkebe wa kakao. Zilifika kumi.

Ya zamani kuliko hizo zote ilikuwa ya susu, nayo haikuwa kwenye mkebe. Baba yake alikuwa askari wa misafara kabla reli haijafika. Alienda, hakurudi. Mwenzake alileta beji hiyo tu, yenye kichwa cha simba. Susu aliishonea mfuko ndani ya kiondo chake, na tangu macho yalipopofuka aliipapasa kwa kidole gumba kila jioni kabla ya kuomba.

Nilimsihi aniazime, akakubali.

Rafiki yangu alikuwa mmoja tu, Mutua, mchonga vigoda. Akaniambia, "Hii kitanzi ya nyuma imekatika. Lete niichomee, nyanya yako afurahi."

Nikampa. Kila nikiuliza, bado... Siku moja nilimkuta akimaliza kigoda cha harusi, kimepambwa kwa vipande vya shaba. Kwenye kimoja niliona jicho la simba wa ile beji.

Mutua akacheka. "Shaba ni shaba, bwana. Si uko na zingine kumi?"

Nilirudi nyumbani peke yangu. Je, nilisema ukweli? La. Nilichagua beji nyingine yenye simba, nikampa susu.

Aliipapasa. Akaigeuza, akaipapasa tena. Kisha akauliza polepole, "Baba amebadilisha kofia?"

Hapo ningekiri... Nikasema, "Ni ileile, susu."

Akanirudishia mkononi. Hakuitaja tena, na jioni hakuniita tena tuombe pamoja. Alifariki kabla ya mvua. Nilipofungua kiondo chake, nilikuta ule mfuko ameufunga kwa uzi, kwa mishono ya mtu asiyeona. Ndani hamkuwa na kitu.

Wenzangu, ukipoteza kitu cha mtu, mwambie siku hiyohiyo. Kumdanganya asiyeona ni kumwibia mara ya pili.

Mkebe sijaufungua tangu hapo. Nyumba ni kimya. Kama yupo aliyechelewa kuomba radhi kama mimi, aniandikie kupitia ukurasa huu. Nasoma polepole, lakini nitasoma barua zote.