Zawadi ya Lifti

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mjukuu wangu Chiho humwekea marehemu bibi yake kibakuli cha wali mbele ya picha, kisha huvaa viatu na kukimbia. Mke wangu, Mitsue, alikuwa akizunguka mahekalu ya kisiwa chetu cha Shikoku kwa miguu. Alifariki akiwa amebakiza hekalu moja tu, la juu ya mlima tunaouita Mwangusha-Mahujaji. Siku moja Chiho akaiambia picha, "Bibi, nitakupandia mimi. Kwa miguu, mwanzo mpaka mwisho."

Vuli ilipofika, tukapanda. Njia ilikuwa mizizi na mawe yanayoteleza. Halmashauri ina pesa za kuwajengea wenye magari barabara hadi langoni. Za kutengeneza ngazi mbili za waenda kwa miguu haina! Nilinung'unika njia nzima. Chiho alipanda tu, jasho likimtiririka, fimbo ya bibi yake mkononi.

Tulipofika kitongoji cha katikati ya mlima, kigari cha mizigo kikasimama. Mkulima wa machenza, mzee Onishi, akatoa kichwa dirishani.

"Mahujaji! Pandeni, ndiyo zawadi yangu."

Chiho akaniangalia. Kwetu zawadi anayopewa hujaji haikataliwi. Kuikataa ni kumtukana mtoaji.

"Panda," nikasema. "Magoti yangu hayakumwahidi mtu."

Langoni mwa hekalu, mahujaji wenye nguo nyeupe wakamzunguka Chiho.

"Kadogo hivi, kamepanda mlima wote? Hongera, binti!"

Uso wa Chiho ukaiva. "Hapana. Nusu nimepanda gari." Akamgeukia Onishi, akainama. "Babu, asante kwa zawadi. Naomba na nyingine: nirudishe pale uliponichukua."

"Una wazimu wewe? Umeshafika!"

"Nilimwahidi bibi."

Onishi akacheka mpaka akakohoa. Akamrudisha chini, akaliacha gari, akapanda naye; mimi nikabaki langoni.

Jua lilikuwa limeinama walipotokea kwenye ukungu. Chiho alikuwa na tope hadi magotini. Onishi alihema nyuma yake kama ng'ombe wa jembe.

"Kataniua haka!" akalalamika. Kisha akavua kofia, akatugeukia. "Sisi watu wazima tungesema zawadi haikataliwi, tukanyamaza, tukala sifa. Huyu zawadi kaipokea, na ahadi kaitimiza. Kusema kweli kumemgharimu nusu ya mlima, naye kailipa kwa miguu yake. Tujifunze."

Chiho akagonga kengele ya hekalu. "Bibi, tumefika!"

Macho yakanilowa. Nikatafuta wa kumlaumu, sikumpata.