Mgongaji wa Manowari Hautaine

Mashuka ya manowari Hautaine yalikuwa hayatakati. Soazig, dobi wa mtaa wa Recouvrance mjini Brest, aliyapiga juu ya jiwe, akayachemsha kwa majivu, na bado yakanuka lami na jasho la mwanamume. Jasho hilo alilijua. Lilikuwa la mumewe Tangi, aliyekuwa akikalafati meli bandarini hapo, akiziba nyufa za mbao kwa lami, hadi alipotoweka, siku ileile Hautaine iliposhushwa majini. Wakubwa wa karakana walisema amekimbia na mwanamke. Soazig aliamini, na miaka yote hiyo alimlaani kila alipokoka moto.

Shemeji yake Goulven, mchochea makaa wa manowari hiyo, alipofuata mashuka hakutaka hata kuketi. Alisema meli ina mkosi. Mbao nene zimevikwa mabamba ya chuma, puani imewekwa pembe ya kutobolea meli za adui, lakini tangu safari ya kwanza inainamia upande mmoja na wahandisi hawajui kwa nini. Tena kuna kitu kinagonga.

"Kinagonga vipi, shemeji?"

Goulven akagonga meza kwa kifundo cha kidole: mapigo mawili mazito, kisha moja la kuburuta.

Soazig aliyajua mapigo hayo. Ndivyo Tangi alivyopiga nyundo, kwa sababu bega lake la kulia lilikuwa bovu.

Kesho yake, mchana kweupe, akapanda melini na kikapu cha nguo. Goulven akamshusha hadi puani, mahali ambapo taa ilififia bila upepo na hewa ikawa nzito kama pumzi ya mgonjwa, na kadiri alivyosogea ndivyo harufu ya lami ilivyozidi, na ukuta ukaanza kugonga, mawili na moja, mawili na moja, ukimfuata alipohama, ukimtangulia aliporudi nyuma, mpaka alipoweka kiganja juu ya mbao akahisi, upande wa pili, kiganja kingine kikijibandika juu ya chake, nacho kina joto.

"Tangi," alinong'ona. "Nani kakufungia humu?"

Kugonga kukakoma. Sauti kavu ikatoka ndani ya mbao. "Niliita."

Alimkuta mhandisi Delmotte, aliyeibuni Hautaine, langoni mwa karakana, akamuuliza nani aliyemfungia Tangi. Delmotte kwanza alitishia kumwitia askari. Watu walipoanza kusogea, akateremsha sauti: siku ile ya kuishusha meli, waziri alikuwa ameshapanda jukwaani, bamba la mwisho lilipaswa kufungwa.

"Tuliita, mama. Hakuna aliyejibu."

"Alijibu. Ngoma zenu zilikuwa zinalia."

Delmotte akavaa kofia yake. Kufungua pua ya manowari kungeiharibu, alisema, na manowari ni fahari ya taifa. Badala yake akaleta padri. Maji ya baraka yalichemka juu ya chuma baridi, na padri akapanda juu, akasema humo harudi.

Soazig hakulia. Alikwenda kwa Goulven na wenzake, akawauliza kama watachochea moto mgongoni mwa ndugu yao. Wakaweka chini koleo. Wakatishiwa jela, wakakaa. Manowari isiyo na moto ni kasha tu, basi bamba likafunguliwa. Tangi alikuwa ameketi, magoti kifuani, na mbao mbele yake zilikuwa zimechimbwa kwa kucha.

Makaburini padri alimsihi asamehe ili marehemu apumzike. Soazig aliinamia jeneza kana kwamba analibusu. Goulven peke yake ndiye aliyesikia.

"Nilikulaani bure, nisamehe mimi. Yule mhandisi usimsamehe. Anakaa mtaa wa Siam, mlango wa kijani. Usilale, mume wangu."

Hautaine ilisafiri tena, ikiwa imenyooka sawasawa. Haikupita muda, mke wa Delmotte akafika mtoni walipofulia, nywele wazi, mbele ya madobi wote. Alisema mumewe alikuwa akikesha ameegemeza sikio ukutani. Asubuhi hiyo chumba kilikuwa kimefungwa kwa ndani, ufunguo mlangoni, kitanda kitupu. Na ukutani sasa wanagonga wawili.

"Nakuomba, mama. Mwambie mumeo amwachie wangu."

Soazig alikamua shuka mpaka tone la mwisho, ndipo akamtazama.

"Bomoa ukuta, bibi. Usikawie. Wangu hakufa kwa siku moja."