Kivimbe cha Darini

Taa ya katikati ikiwaka, dari ya chumba kile ilikuwa nyeupe na laini kama ganda la yai. Zikiwashwa za ukutani, ilivimba.

Mwokaji ndiye aliyeiona kwanza, maana ndiye aliyelala mchana. Usiku kucha alikuwa kiwandani anakanda na kuoka mikate, asubuhi anarudi na unga puani, anafunga mapazia na kujitupa kitandani. Mumewe, dereva wa lori la masafa marefu, ndiye aliyezileta taa mbili za vioo vya rangi ya asali, akazifunga juu ukutani karibu kabisa na dari, akajipiga picha chini yake, akapanda lori lake akaenda zake. Kuna wanaume wanaopenda wake zao. Huyu alipenda nyumba, na mke alikuwa ndani.

Nyumba yenyewe ilikuwa mpya kiasi kwamba hata milango haijajifunza kufunga. Walikuwa wamehamia juzijuzi, mke, mume na mama mkwe, baada ya miaka ya kupanga kwa watu na kuulizwa nani kaacha bomba wazi. Kwa hiyo mwokaji alipoona kivimbe juu ya kitanda, ukubwa wa mto, alijigeuza upande wa pili akalala. Mtu aliyechoka hagombani na dari.

Haikupita wiki, kivimbe kikaota mabega.

Akamwita fundi aliyeipiga dari ile. Fundi akazima taa za ukutani, akawasha ya katikati, akatabasamu.

"Unaona, mama? Hakuna kitu."

"Washa zile."

Akaziwasha. Tabasamu likapungua.

"Kosa si la dari, kosa ni la taa. Ya katikati inamwaga mwanga chini, inasamehe. Hizi zinaimulika dari kwa ubavu, zinapekua. Hata unywele ukibaki chini ya rangi utauona. Ukizimulika hivi nyumba zote za mtaa huu mpya, utalia."

"Kulia nimeshachoka. Hicho kina mabega."

"Mabega?"

"Panda, baba," mama mkwe akasema kutoka mlangoni. "Au unangoja kiteremke kikusalimie?"

Fundi akapanda ngazi yake. Akapiga msasa, akapaka jipsam, akangoja ikauke, akapiga msasa tena mpaka chumba kizima kikawa na vumbi kama kiwanda cha unga. Kisha akaweka kiganja juu ya ile sehemu ahakikishe imelala sawa, na hapo hapo akakiondoa kama aliyeshika sufuria.

"Ina joto," akasema kwa sauti ndogo. "Kama tumbo la mtu."

Akakunja ngazi. Hakungoja hata maji ya kunawa.

Kesho yake kivimbe kilikuwa kimerudi, na sasa kina magoti pia. Sasa mwokaji alielewa kimelalaje. Kimelala kifudifudi, uso chini, unamtazama.

Tangu hapo usingizi ukawa kazi nyingine. Alilala tangu asubuhi mpaka jua linapoa, hakuota ndoto wala hakushtuka, na aliamka mwili mzito kuliko alivyoulaza. Mashavu yakaingia ndani. Kivimbe kikanenepa. Chumba kilichokuwa kinanuka rangi kikaanza kunuka pumzi, ile pumzi ya kinywa kilicholala muda mrefu, na kila alipokuwa anazama, kabla hajapotea kabisa, alisikia huko juu mtu anameza mate.

Akahamia sebuleni, kwenye kochi. Sebuleni hakukuwa na taa za ukutani, na dari ilikuwa safi. Lakini aliamka hoi vilevile. Akachukua simu, akawasha tochi, akasimama juu ya kochi akaiegemeza ukutani karibu na dari. Kilikuwepo. Kilikuwa kimekunja miguu kidogo, kwa sababu kochi lilikuwa fupi.

Akampigia mumewe.

"Zima hizo taa basi," mume akasema, mngurumo wa lori nyuma yake.

"Nikizizima kitaondoka?"

"Hutakiona."

"Sijauliza hivyo."

"Mke wangu, nyumba tumejenga kwa jasho. Usianze kuwatangazia watu maneno juu yake."

Usiku ule, kiwandani, mwokaji alisinzia akiwa amesimama, na mashine ya kukandia ikamla mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko. Mwenzake akawahi swichi. Wengine walimtazama tu, kama watu wanaomtazama mtu ambaye safari nyingine itakuwa mkono wenyewe.

Alipofika nyumbani alimkuta mama mkwe amekaa kitandani kwake, taa zote mbili zinawaka, anakitazama kivimbe kama anayekagua nyama buchani.

"Hilo ni jini, mwanangu, na linakula usingizi wako," akasema bila kupandisha sauti. "Wewe unajilaza, lenyewe ndilo linalolala. Nenda kwa wifi yako ukapumzike huko. Mimi nitalala hapa, lisipate sababu ya kukufuata."

"Mama, likikudhuru?"

"Litanila nini? Usingizi ulinikimbia tangu nilipofiwa na baba mkwe wako. Nalala chali nikikumbuka makosa ya watu mpaka kunakucha. Acha lije lile hayo."

Mwokaji hakuwa na nguvu za kubishana. Akaenda. Kwa wifi yake alilala hivi hivi tu, usingizi wa mgonjwa, lakini ulikuwa wake.

Siku chache baadaye alipita mchana kuleta mikate. Nyumba ilikuwa kimya na ile harufu ya pumzi ilikuwa imefika mpaka mlango wa mbele. Akatembea taratibu hadi kwenye chumba, akasikia mama mkwe anaongea kwa upole kama anayembembeleza mtoto, "Sina, nimekwambia sina, nenda kwa wenye nao," na alipochungulia akamwona bibi kizee amelala chali macho makavu wazi, na juu yake dari imeshuka, imeshuka kabisa, tumbo la jipsam likining'inia kama shuka lililojaa maji, na katikati yake uso, si umbo la uso tena bali uso wenyewe, mashimo ya macho na mfupa wa taya, mbavu zikihesabika chini ya rangi nyeupe kwa mwanga ule wa ubavu, na kinywa kimefunguka upana wa bakuli hapo hapo juu ya paji la bibi, kinafunguka na kufunga, kinafunguka na kufunga, hakipati kitu.

Mikate ikamdondoka. Uso ukamgeukia yeye.

"Usifumbe macho," mama mkwe akanong'ona bila kugeuka. "Hata kupepesa, usipepese."

Akakaza macho mpaka machozi yakamtiririka. Kile kinywa kikafunga. Dari ikapanda polepole, ikijinyoosha huku inalia kama kitanda kibovu, kisha kikasikika kitu kinajikokota juu ya mabati, hatua za mtu mwenye njaa, kikavuka nyumba kuelekea upande wa ukuta wa uani. Kukawa kimya. Kwa mwanga wa ubavu dari ilikuwa nyororo, haina hata unywele.

"Lilikonda sana," mama mkwe akasema. "Niletee chai."

Mwokaji akalala. Alilala siku ile na zilizofuata, akaamka ana rangi usoni na njaa ya kweli tumboni.

Hata asubuhi moja, anatoka kazini, jirani wa upande wa ukuta wa uani akamsimamisha getini, kanga begani, mtoto mgongoni, macho yameingia ndani.

"Jirani, siku hizi sijui nina nini. Nalala, lakini naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Hata mtoto naye."

"Pole. Ni joto hili."

"Labda." Jirani akapiga miayo mirefu. "Nilitaka kukuuliza, zile taa zenu za ukutani mlinunua wapi? Na mimi nataka niweke chumbani."

Mwokaji akamtazama. Akamtazama na mtoto, kichwa kimelala shingoni kwa mama yake, kizito. Miguu ilikuwa inamuuma tangu usiku. Kitanda kilikuwa kinamngoja, na mapazia, na dari safi.

"Usiziweke," akasema. "Zinaonyesha kila kasoro."

Akaingia ndani, akafunga mlango, akalala fofofo.