Sentimita Mbili za Huruma

Foleni ya akina mama ilikuwa imetoka hadi nje ya mlango wa kliniki siku Fundi alipokutana na Mpimaji. Fundi alikuwa mshona nguo, gauni lake la bluu limemkaa kama alizaliwa nalo, mtoto wa miezi mitatu begani. Mpimaji, shati jeupe lililopigwa pasi upande mmoja, alipima vichwa vya watoto kwa ajili ya utafiti: ubongo hukuaje mtoto akishazaliwa, wa huku na wa nchi nyingine.

"Utepe umeupinda, kaka. Kwa kupima hivyo ungemshonea mtu suruali ya mdogo wake."

"Basi nifundishe, dada."

Akamfundisha. Utepe ukasoma sentimita thelathini na saba na nusu, chini kabisa ya mstari wa chati ya ukuaji. Kwenye fomu, nafasi ya baba ilikuwa wazi. Mpimaji akamwonea huruma mama yule anayecheka, asije akatiwa hofu na chati, akaandika thelathini na tisa na nusu.

Wakapendana. Simu zilianza kabla cherehani haijashika uzi. Mpimaji akiitwa fundi wa vichwa, Fundi akiitwa roho yangu. Jumapili Mpimaji alimbeba mtoto, wateja wakidhani ni wake, naye hakukanusha.

Mtoto alipofika miezi sita, Mpimaji alikuwa ametumwa kituo kingine. Nesi akapima: arobaini. Daktari akalinganisha na namba ya kwanza. Imeongezeka nusu sentimita tu kwa miezi mitatu. Akamwambia Fundi huenda ubongo umeacha kukua.

Fundi alimsimulia Mpimaji kwa simu, akilia. Mpimaji akampoza, akamuuliza kama amekula. Ukweli hakuusema; aliogopa kufukuzwa kazi. Fundi akawa anashona mikono ya nguo kinyumenyume. Siku ya tisa ndipo Mpimaji alipokwenda kwa daktari, Fundi akiwepo, akakiri.

Daktari akapiga hesabu upya. Kichwa kidogo, lakini kinakua vizuri kwa njia yake. Tena mstari ule, alisema, ulichorwa kwa watoto wa mbali. Wa huku ndiyo kwanza wanapimwa, na wanahitaji namba za kweli. Akamsimamisha Mpimaji kazi.

Kwenye korido Mpimaji akamwomba Fundi akubali kuolewa naye.

"Niliogopa kukupoteza, roho yangu."

"Siku tisa namlilia mtoto mzima, na wewe unaniuliza nimekula nini."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Na bado nakupenda, nisikudanganye. Lakini nikiwa mkeo, ukiniambia mtoto hana homa, nitanyanyuka nikamguse mwenyewe."

Akamvua mtoto kofia, akaingia chumbani kwa nesi apimwe upya.