Kofia ya Giaboksi

Kila asubuhi mimi hufagia uwanja, huchemsha chai na kunywa na shangazi kabla hajakimbilia kiwandani. Nikitoka shule sikuti mtu. Mama alifariki nikiwa mdogo, na baba ni dereva wa lori lake mwenyewe. Huja kila baada ya wiki mbili, hukaa siku mbili, huondoka. Huniita Chiriku kwa sababu akiwepo sifungi mdomo. Hajui kwamba akiondoka ninaweza kumaliza jioni nzima bila kusema neno.

Lori likija, mwoshaji ni mimi. Baba huinua kibini, kile chumba cha dereva, nami huvisha kofia tundu la kupumulia lililo juu ya giaboksi, maji yasiingie. Kofia yenyewe ni kipande cha tyubu ya baiskeli kilichopigwa fundo upande mmoja, ubunifu wa baba. Nikimaliza kuosha, naivua. Lakini Jumamosi ile tulirushiana maji, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Baba akashusha kibini, na kofia nikaisahau.

Jumatatu aliondoka alfajiri. Niliporudi kutoka shuleni nikalikuta lori limerudishwa uwanjani, mafuta yakidondoka chini yake. Baba alikuwa ameshika kichwa. Mimi, nisidanganye, nilifurahi.

Fundi alifika muda si mrefu. Ni jirani yetu na rafiki wa baba tangu ujana, na kila mtu humwita Taratibu kwa sababu hana haraka hata mvua ikimnyeshea. Alichovya kidole kwenye mafuta, akanusa, akakunja uso.

"Ya injini hayanuki hivi," alisema. "Haya ni ya giaboksi. Chiriku, niletee kitambaa na unga kidogo."

Alifuta giaboksi ikakauka, akaipaka unga, kisha wakalizungusha lori mtaani. Waliporudi, mstari mweusi ulikuwa umepita katikati ya unga, ukianzia kwenye sili ya nyuma, mpira unaozuia mafuta pale chuma cha propela kinapotokea.

"Na tundu la kupumulia, liko wazi?" fundi aliuliza.

Baba alicheka. "Hilo usiulize. Lori limeoshwa na Chiriku. Kwa kazi hiyo simtilii shaka."

Kofia! Nilifungua mdomo niseme. Halafu nikakumbuka kwamba lori likipona, baba ataondoka. Nikaufunga.

Fundi aliweka sili mpya na kujaza mafuta. Lori likapelekwa mtaani, likapata joto, likavuja. Akaweka sili nyingine. Likavuja tena. Siku zikapita, na baba alikuwa nyumbani kama nilivyotaka, ila nilichokuwa nikikiona ni miguu yake tu ikichungulia chini ya lori. Wakati wa kula alitazama simu, akisubiri mwenye mzigo apige. Nilimsimulia habari za shule akaitikia "mmh", nikamwambia mwalimu wetu amemeza chaki, akaitikia "mmh". Nilijisikia mpweke kuliko siku ambazo hayupo.

Alhamisi walirudi tena kutoka mtaani, mafuta yakidondoka. Baba akapandwa na hasira.

"Umeniwekea sili feki!" alimfokea fundi. "Wewe, rafiki yangu!"

"Nimeziweka kwa mikono yangu hii," fundi alijibu kwa sauti ya chini. "Kama huniamini, tafuta mwingine."

Akaanza kurudisha spana sandukuni. Alizitupia ovyo, moja juu ya nyingine. Sikuwahi kumwona Taratibu akifanya haraka. Nilishindwa kuvumilia.

"Baba, fundi hana kosa! Kofia iko juu ya tundu. Niliisahau, na tangu Jumatatu ninajua."

Baba aliinua kibini. Kofia ilikuwa palepale, imevimba. Fundi alipoichomoa, giaboksi ilitoa pumzi ndefu: fyuuu!

"Maskini, ilikuwa inakosa hewa," alisema. "Ikipata joto, hewa ya ndani inatanuka. Haina pa kutokea, basi inasukuma mafuta yapite kwenye sili, hata iwe mpya."

Alibadilisha sili kwa mara ya mwisho, akapaka unga upya, wakazunguka mtaa mzima mara mbili. Unga ulirudi mweupe.

Baba alimshika fundi mkono. "Nisamehe, ndugu yangu. Ulimi wangu ulikosa breki."

"Na honi pia," fundi alijibu, wakacheka kidogo. Kisha baba akaketi juu ya tairi la akiba, akanigeukia.

"Kwa nini ulinyamaza, mwanangu?"

"Nilitaka ukae." Machozi yalinitoka. "Ukiondoka sina wa kuongea naye."

"Mbona hukuniambia hata siku moja?"

Fundi ndiye aliyejibu, akipanga upya spana zake, taratibu.

"Sikiliza, Chiriku. Giaboksi kupata joto si kosa, na wewe kuwa na huzuni si kosa. Kosa ni kuiziba. Umeficha huzuni yako, ukaficha na ukweli, na nusura baba yako anipoteze mimi. Kinachokuuma kiseme mapema, kwa mtu anayehusika."

Niliomba radhi kwa wote wawili. Baba hakunigombeza. Alinivuta karibu, tukakaa hivyo mpaka shangazi aliporudi kutoka kazini.

Kesho yake baba aliondoka. Nilikagua mahali lori lilipokuwa limeegeshwa; palikuwa pakavu, hakuna hata tone. Nilikunja kitambaa cha unga, nikaosha kikombe chake, nyumba ikawa kimya kama kawaida.

Jioni simu ya shangazi ililia.

"Chiriku," ilisema sauti ya baba, "upweke leo uko kiasi gani?"

"Umejaa, baba. Hadi juu."

"Haya. Nimeshaegesha, injini nimezima. Anza kusema."

Nikasema mpaka chai yangu ikapoa, na safari hii hakuitikia "mmh" hata mara moja.